Zaitun wa Ujiji na Safari za Bwana Harusi

Zaitun alikuwa na miaka tisa alipopigwa kofi lake la kwanza la kisayansi.

Mwaka ule kideri kilishuka Ujiji na kuwafagia kuku nyumba hadi nyumba. Wako waliosema ni upepo mbaya kutoka ziwani, na wako waliosema ni jicho la mtu. Zaitun, ambaye kazi yake nyumbani ilikuwa kuwafungia kuku wa mama yake jioni, alichukua kipande cha mkaa, akaenda nyuma ya jiko, akachora ukutani nyumba zote za mtaa wao. Kila nyumba iliyofiwa aliiwekea alama, na pembeni ya alama akaandika siku. Alipofika siku ya sita akaona alama zinafuatana kwa adabu kabisa, na njia zinayoifuata anaijua. Ilikuwa njia ya shangazi yake.

Shangazi huyo alikuwa na moyo wa huruma. Alipita kila nyumba kuwapa pole wenye kuku, na kila alipoondoka alibeba kuku mmoja mwenye kusinzia, asije akaharibika bure, akampeleka zawadi kwa jirani wa mbele. Siku wageni walipojaa ukumbini, Zaitun alisimama katikati ya mkeka akatangaza kuwa kideri kinatembea na Shangazi. Kofi lilifika kabla hajamaliza. Lakini tangu siku ile Shangazi aliona haya kubeba kuku wa watu, na wiki mbili baadaye kideri kikakoma. Hakuna mtu mzima aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Aliyeyaunganisha alikuwa bado ana shavu jekundu.

Akakua, akasoma, akaenda Morogoro kusomea udaktari wa mifugo. Kutibu mnyama mmojammoja kulimchosha mapema. Alichotaka kujua ni kwa nini ugonjwa uliruka nyumba hii ukaingia ile. Akaambiwa elimu hiyo ipo na inaitwa epidemiolojia. Siku ya wanafunzi kuchagua mnyama wa kufanyia utafiti, Zaitun alikuwa kitandani na malaria. Aliporudi, ng'ombe wameshachukuliwa, mbuzi wameshachukuliwa, hata sungura ana mwenyewe. Aliyebaki ni nguruwe. Mwalimu wake, kwa heshima ya ushungi aliouvaa, akamuuliza kama kuna tatizo. Zaitun akajibu kwamba nguruwe naye hakumchagua yeye, kwa hiyo wako sawa.

Mama yake, Bi Shadia, muuza mawese mwenye sauti nzito na msimamo mzito zaidi, alizipima habari hizo siku mbili. Siku ya tatu akaamua kwamba elimu ni elimu. Majirani walipouliza binti anasomea nini, akawajibu kwamba anasomea wanyama wa miguu minne, na huo haukuwa uongo. Kwa faragha alikuwa na swali moja tu.

"Unawatibu?"

"Siwatibu, mama. Ugonjwa wao hauna dawa. Mimi nakadiria watakufa lini na wapi."

"Hiyo si kazi ya daktari, mwanangu. Hiyo ni kazi ya Israili."

Zaitun alirudi Kigoma akiwa daktari mara mbili, wa wanyama na wa falsafa, akapewa meza katika ofisi ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo, na kompyuta iliyokuwa ikipiga kelele kama cherehani. Humo ndani alijenga kitu alichokiita modeli. Kila banda la nguruwe lilikuwa nukta. Kila njia ambayo nguruwe, au nyama yake, au mtu wake amepita kutoka banda hadi banda ilikuwa mstari. Kisha anaiwekea nukta moja ugonjwa, na kuiachia kompyuta icheze mchezo mara elfu, kama mcheza bao asiyechoka. Mwisho inampa jibu: mara mia saba katika elfu, homa ya nguruwe itafika kijiji fulani.

Ilikuwa kazi nzuri yenye kasoro moja. Mistari hakuwa nayo. Alizunguka na Jeremia, afisa mifugo kijana mwenye pikipiki na upole, wakiuliza wafugaji nguruwe wao wametoka wapi na wamekwenda wapi. Majibu yalikuwa mamoja kutoka Mwandiga hadi mwisho wa barabara: nguruwe wetu hawatoki, na wa watu hawaingii. Wafugaji waliogopa karantini kuliko walivyoogopa homa yenyewe, maana homa huenda ikapita pembeni lakini karatasi ya karantini hubandikwa mlangoni. Kwa mujibu wa fomu za Zaitun, nguruwe wa mkoa mzima walikuwa wameota ardhini kama magimbi.

Ndipo homa ikaja kweli. Ilianza Mwandiga, katika mabanda mawili yaliyokuwa nyuma ya maduka. Nguruwe walikataa chakula asubuhi, wakawa na masikio ya zambarau jioni, na kabla ya wiki kwisha mabanda yalikuwa matupu. Karantini ikatangazwa. Siku kumi na mbili baadaye homa ikazuka Kidahwe. Haikupita kwenye mabanda yaliyo katikati. Iliyaruka yote, ikatua kwenye uwanja wa mtu mmoja kama mgeni aliyepewa anwani.

Zaitun aliiuliza modeli. Modeli ikamjibu, kwa takwimu, kwamba kuna mstari anaofichwa. Akaanza kushuku kuna dume. Wafugaji wengi walikuwa na jike mmoja au wawili, na jike hazai kwa maombi. Akarudi Kidahwe akamuuliza mzee mmoja jike wake anapandishwa na dume gani. Mzee akasema pale kijijini hakuna dume. Zaitun akaonyesha vitoto tisa vilivyokuwa vikinyonya mbele yao, akauliza basi hawa baba yao ni nani. Mzee akavitazama kwa makini, kama anayeviona mara ya kwanza, akasema Mungu ni mkubwa.

Usiku ule Zaitun alichelewa kulala kwa hasira, lakini alipoamka alikuwa anacheka. Alikuwa amekumbuka kwamba mtu anayeficha safari haoni sababu ya kuficha uzazi. Kinyume chake, atajisifu. Na mimba ya nguruwe haina siri: ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, ipungue siku moja au izidi moja. Ukijua siku ya kuzaa, umejua siku ya harusi.

Jumapili iliyofuata tangazo likasomwa makanisani baada ya ibada, kuanzia mjini hadi vijiji vya pwani ya ziwa. Ofisi ya mifugo inaandaa shindano la uzao bora. Nguruwe asiletwe, na mtu asitoke bandani kwake. Kinachotakiwa ni siku aliyozaa jike, idadi ya watoto, na alama zao. Zawadi ni ndoo mbili, brashi ya kusugulia na galoni ya dawa ya kuua vijidudu. Jeremia, aliyekuwa hajui shabaha ya jambo lile, alisema kwa upole kwamba hakuna atakayehangaika kwa ajili ya ndoo.

Wakahangaika. Simu ya ofisi iliita wiki nzima. Waume walisema kumi na wanne, wake zao wakasikika nyuma wakisema kumi. Mmoja alitaja kumi na tisa, na alipoulizwa jike wake ana matiti mangapi, simu ikakatika. Zaitun hakujali idadi. Alichokitaka ni tarehe, na tarehe hazikuwa na uongo, kwa sababu watu walizikumbuka kwa mambo mazito: alizaa siku ya kipaimara, alizaa kesho yake baada ya mazishi ya jirani, alizaa siku ile ya mvua ya mawe. Na alama nazo zilianza kufanana. Doa jeupe katikati ya paji la uso. Doa jeupe. Doa, Daktari, kama mtu kampaka unga.

Uzazi sitini na moja. Zaitun alikaa chini akahesabu kurudi nyuma, mmoja baada ya mwingine, akaweka tarehe za harusi kwenye ramani. Zilijipanga kama shanga kwenye uzi. Mtu fulani, mwenye dume mwenye doa jeupe, alikuwa akitoka Mwandiga kila mwanzo wa mwezi, akikaa siku tatu hapa, siku mbili pale, akafika Kidahwe, akarudi. Na kila baada ya wiki tatu, siku ya Alhamisi, dume alikuwa anapanda boti. Alikuwa akipita mbele ya Gombe, nyani wakimwona, na kushukia Mwamgongo.

Katika shanga hizo moja ilimfanya amwite Jeremia. Ilikuwa Kidahwe, watoto kumi na wawili, madoa yote, mwenye mali Mama Recho. Mama Recho alikuwa mama mzazi wa Jeremia. Kijana aliitazama karatasi, akaitazama dari, mwisho akasema mama yake alimkataza kusema, na kwamba kati ya serikali na mama yake, serikali haijui kupika. Zaitun hakumgombeza. Alimwambia awashe pikipiki, ampeleke kwa mwenye dume.

Mwenye dume alikuwa Mzee Eliakimu wa Mwandiga, mstaafu wa reli aliyekuwa zamani mshika bendera. Dume wake alimwita Bwana Harusi, na alimwendesha kwa ratiba iliyoandikwa kwa wino kwenye daftari. Walipofika, Zaitun akasalimia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akawapa viti, na kabla hajaulizwa akasema kwa huzuni kwamba wamechelewa. Dume alishakufa. Akawapeleka nyuma ya nyumba akawaonyesha tuta la udongo lenye kijiti juu yake.

Zaitun akalitolea pole tuta lile. Kisha akafungua karatasi yake akaanza kusoma, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vituo. Tarehe mbili, Mwandiga, kwa mjane nyuma ya mashine ya kusaga, siku tatu. Tarehe sita, barabarani. Tarehe saba, Kidahwe, kwa Mama Recho, siku mbili. Alhamisi, Kibirizi, boti ya saa sita mchana. Alhamisi hiyohiyo, Mwamgongo, kwa Mama Marcelina. Kila alipotaja kituo, mdomo wa Mzee Eliakimu ulifunguka zaidi kidogo.

"Nani kakwambia?" akauliza mwishowe. "Nani kati yao?"

"Hakuna aliyefungua mdomo, Mzee. Nimeambiwa na watoto wake."

Hapohapo, kutoka nyuma ya kibanda cha mahindi, hatua kumi tu kutoka kaburini, marehemu akakoroma. Ulikuwa mkoromo mrefu wa mtu aliyeshiba. Wote watatu wakasimama wakiutazama ule upande. Mzee Eliakimu akavuta kile kijiti, akakirusha kando, akasema basi na mkae mnywe chai.

Sheria ilimruhusu Zaitun kuamuru Bwana Harusi auawe siku hiyohiyo. Na moyoni alikuwa na hakika kwamba amempata mhalifu. Mistari yote ilipita chini ya miguu ya dume yule. Lakini alijua pia kwamba akimuua, hakuna mtu kati ya Mwandiga na ziwani atakayempa tena tarehe ya kitu chochote, hata ya sikukuu. Akachukua damu ya dume. Kwa ajili ya ukamilifu tu akapangusa kwa pamba kamba yake, buti za mzee, na kizimba cha mbao alichosafiria dume, akatia yote kwenye barafu yakaenda maabara. Mzee akaapa kwamba dume hatatoka. Alisema neno hilo kwa uchungu, kwa sababu Alhamisi iliyokuwa inakuja ilikuwa siku ya Mwamgongo, na Mama Marcelina alikuwa ameshapiga simu mara mbili.

Majibu yalikuja baada ya siku nane. Zaitun aliyasoma akiwa amesimama, kisha akakaa akayasoma tena. Damu ya Bwana Harusi ilikuwa safi. Kamba safi, buti safi. Kizimba kilikuwa kimejaa virusi.

Akarudi Mwandiga. Mzee alipobanwa alikiri kwa urahisi, kwani hakuona kosa lenyewe. Tangu karantini itangazwe hakuthubutu kumtoa dume, ila kizimba kilikuwa kimekaa bure, na jirani mmoja mchinjaji akakiazima. Mchinjaji alikuwa akinunua nguruwe wanaosinzia hapa Mwandiga kabla hawajafa, akawapeleka Kidahwe kuchinja. Kisha akakirudisha kizimba, kwa heshima, kimefagiwa. Kama Bwana Harusi angekipanda Alhamisi ile, angefika Mwamgongo na mzigo usioonekana, na vijiji vya ziwani vingekwisha kimoja baada ya kingine. Modeli ilikuwa imeijua njia. Mpitaji ndiye iliyemkosea, na aliyeifundisha kumkosea ni Zaitun mwenyewe.

"Nimemsingizia, Mzee," akasema.

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Mwambie mwenyewe."

Alifikiri ni utani, lakini Mzee Eliakimu alikuwa amesimama wima kama zamani kituoni akisubiri treni ipite. Basi Zaitun binti wa Ujiji, daktari mara mbili, akasogea mbele ya banda, akaweka sawa ushungi wake, akamwomba radhi nguruwe. Bwana Harusi alimtazama kwa jicho dogo lisilo na kinyongo, akarudi kwenye maganda ya mihogo. Jeremia alikuwa amegeukia ukuta akikohoa kikohozi kirefu kisicho na makohozi.

Kizimba kilichomwa moto mchana huo, mbele ya mchinjaji, ambaye alitokwa machozi akalaumu moshi.

Ikabaki habari ya Mwamgongo. Mama Marcelina alikuwa mwanamke aliyesomesha watoto wanne kwa dagaa na nguruwe, na hakuwa na subira na sayansi. Kwenye simu alimwambia Zaitun kwamba jike wake atahitaji dume tena baada ya siku ishirini na moja, na kama serikali imemfunga Bwana Harusi, basi serikali ilete bwana mwingine, la sivyo yeye atamtafuta kwa njia zake. Zaitun alizijua njia zake. Zilikuwa kwenye ramani.

Akampigia rafiki yake aliyesoma naye Morogoro, naye akatuma unga wa kuhifadhia mbegu za dume, mirija, na maelekezo ya kurasa nne. Namna mbegu zilivyopatikana kwa Bwana Harusi haisimuliki mbele ya wakwe. Itoshe kusema kwamba Jeremia alifanya kazi hiyo kwa niaba ya familia yake, kama kufuta deni la kunyamaza, na kwamba kwa wiki nzima hakutaka kuitwa daktari msaidizi. Mbegu zikatiwa kwenye chupa ndogo, chupa ndogo zikatiwa ndani ya chupa ya chai mpya, nyekundu, yenye maua, ili zisipate joto wala baridi.

Zaitun akapanda boti ya Kibirizi na chupa ile mapajani. Ziwa lilikuwa tulivu, boti imejaa viazi, magodoro na watu wenye mazungumzo. Walipopita Gombe, bibi mmoja aliyekaa mbele yake akatoa mihogo ya kukaanga, akamgawia kwa ukarimu, kisha akaitazama chupa kwa matumaini. Akasema mihogo bila chai inakwama. Zaitun akamwambia samahani, bibi, chai hii ni ya wagonjwa. Bibi akamwuliza ni wagonjwa wangapi, kwa chupa kubwa namna hiyo. Zaitun akajibu ni mmoja, lakini anatarajia kuwa na watoto wengi. Bibi akamwombea dua huyo mgonjwa, na boti nzima ikaitikia amina.

Mwamgongo, Mama Marcelina aliichukua chupa, akaitikisa, akaizungusha, akamtazama Zaitun kwa mashaka makubwa.

"Dume lako hili la chupa," akauliza, "halitaki hata makaribisho?"

Wakafuata kurasa nne za maelekezo, wote wawili wakiwa wamepiga magoti kwenye nyasi kavu, mmoja anasoma, mwingine anatenda. Jike hakulalamika.

Homa haikupanda boti mwaka ule. Iliua nguruwe mia mbili na zaidi Mwandiga na Kidahwe, kisha ikakosa njia, ikazima. Kazi ya Zaitun ina uchungu wake huo: nguruwe waliokufa watu waliwahesabu na kuwalilia, na ambao hawakufa hakuna aliyewaona. Huko pwani walisema homa isingefika hata hivyo, kwa kuwa ni mbali. Alipoalikwa Dodoma kueleza matokeo mbele ya wataalamu, mmoja aliuliza aliwezaje kupata takwimu za kweli kutoka kwa wafugaji. Akajibu kwamba aliwaacha wajisifu. Watu wakacheka wakidhani ni utangulizi wa jibu.

Miezi mitatu, wiki tatu na siku mbili baada ya safari ile, Mama Marcelina alipiga simu. Kumi na moja, akasema, na hakuongeza hata mmoja. Kisha akakumbusha jambo ambalo Zaitun alikuwa amelisahau. Kwa desturi ya huko, aliyeleta dume hupewa mtoto mmoja wa uzao, akichagua mwenyewe. Mzee Eliakimu alishapigiwa, akasema kwa haki kabisa kwamba dume wake hakutoka nyumbani, aliyefunga safari ni Daktari, na mtoto ni wa Daktari.

Zaitun alieleza kuhusu karantini. Alieleza kuhusu miiko ya kazi. Mwisho alieleza kuhusu dini yake, kwa urefu. Mama Marcelina alisikiliza yote kwa adabu, akasema hakuna aliyemwambia amle. Desturi ni desturi, na kunyima haki ya dume huleta uzazi mbaya. Mtoto atakaa palepale, atalishwa palepale, lakini ni wa Zaitun.

Kwa hiyo mpaka leo, kila baada ya wiki mbili, wakati mwingine katikati ya chakula cha mchana na Bi Shadia nyumbani Ujiji, simu huita na jina la Mama Marcelina hutokea. Zaitun hunyanyuka mkekani, hutoka nje hadi barabarani, na huko, akiwa amefunika mdomo kwa mkono, huuliza kama mtoto amekula.